Besi ya Baba

Miaka ishirini na miwili nafunga spika hapa Pasua
kwenye pikapu za dizeli, zile zinazoamsha mtaa
kabla ya mwadhini.
Kazi yangu ilikuwa ugomvi: injini inasema, mimi nasema zaidi.
Unaongeza sabufa, injini inaimeza.
Unaongeza twita, upepo wa mlangoni unazichana.
Nampa mteja kelele juu ya kelele,
ananilipa, anaondoka anatetemeka na vioo vyake.

Jumanne akaja Mama Aikande, mnunuzi wa kahawa,
na pikapu ya umeme.
Sikumsikia. Niliona kivuli kinanipanda miguuni,
nikaruka na koleo mkononi.
"Ndiyo inavyofika, fundi," akacheka. Halafu hakucheka.
"Nikishuka kutoka Kibosho nasikia meno yangu.
Nasikia saa ya mkononi.
Nifungie muziki mkubwa, wa kukifukuza hiki kimya."

Nikaingia, nikafunga mlango. Tup.
Mtaa ukabaki midomo mitupu:
muuza ndizi anaita, haiti;
bodaboda inapita kama samaki.
Ndipo yakaanza madogo madogo.
Punje za kahawa, mbili, tatu, kwenye mfuko wa mlango.
Mkanda wa kiti unagonga plastiki.
Na mluzi mwembamba; nikautafuta kwenye waya, kwenye feni,
nikazima kila kinachozimika.
Ulikuwa sikioni mwangu.

Tukatoka kuijaribu, barabara ya kupanda.
Flashi yangu ya kupimia ni moja tu:
kwaya ya usharika wetu, Mbokomu, mwaka themanini na tatu,
kaseti niliyoihamisha mwenyewe,
naijua kuliko namba yangu ya simu.
Baba yumo, safu ya nyuma, besi.
Wateja wangapi nimewaambia: hapo, sikiliza hapo,
yule ni mzee wangu Eliamani, mlima unaimba.
Wakatikisa vichwa. Ndani ya dizeli kila besi ni mlima.

Kabla ya wimbo nikasikia kanisa.
Benchi linalia. Mtu anafunua ukurasa.
Mvua. Kumbe ilikuwa mvua juu ya bati,
na mimi miaka yote nadhani ni uchakavu wa kaseti.
Mama wa soprano akavuta pumzi, nikavuta naye.
Kisha baba.

Alikuwa chini ya noti. Si sana, upana wa ukucha.
Anaingia amechelewa, anawatafuta wenzake
kama mtu anayepapasa viatu gizani,
na akiwafikia, wao wamekwisha kuhama.
Ubeti wa pili kuna anayemgusa, nasikia koti,
akashusha sauti.
Ubeti wa tatu hayumo.

"Mbona spika zilizokuja nayo ni nzuri tu, fundi?"
Mama Aikande, macho barabarani.
"Na huyo anayepotea ni nani?"
Gari halina hata gia ya kubadilisha
nijifanye sikusikia.
Nikasema: "Simjui. Kwaya za zamani hizo."
Hakuwika jogoo.
Angewika, tungemsikia vizuri sana.

Sabufa sikumuuzia. Nilimdai elfu tano,
ya kuzitoa punje mlangoni na kubandika sponji kipande,
akanitazama kama mtu aliyeugua ghafla.

Ila hilo lilikuwa baadaye, karakana.
Kule juu, kwenye kona ya migomba, kabla hatujageuza,
wimbo ulikuwa umejirudia wenyewe.
Nikabonyeza kitufe. Kioo kikashuka vidole viwili,
ukaingia upepo, na lami chini ya matairi,
na majani makavu ya migomba yakisuguana,
na baba, polepole,
akarudi kwenye noti.