Somo la Maji Vuguvugu

Nilifika Juniata na ufito wa marehemu baba,
kisanduku cha nzi wa manyoya niliowafunga wakati wa theluji,
wadogo kama punje za uwele,
na adabu zote za trauti:
usikanyage jiwe kwa kisigino,
kivuli chako kisikutangulie,
mshipi ulale juu ya maji kama kitoto kilichoshiba,
na nzi aende anakopelekwa, asivutwe, asiguswe,
maana trauti ni kadhi. Akiona uzi umekaza
anafunga kesi.

Siku tatu nimesimama humo,
Pennsylvania, Julai, mahindi yamejipanga hadi ukingoni,
treni ya mizigo inakohoa ng'ambo.
Nilichopata: jani moja, na kifundo cha mguu kilichoteguka.

Verna Hostetler alikuwa akinitazama tangu Jumatatu.
Dereva mstaafu wa basi la shule,
kaptula, raba zilizotoboka vidoleni,
maji yanaingia huku yanatokea kule.
Mimi nimevaa mabuti ya mpira hadi kifuani,
natoka jasho kama mpishi wa harusi.

"Unawaombea dua?" akauliza.
"Besi hawa si watu wa dua. Ni watu wa ugomvi."

Akamkata nzi wangu kwa meno, akafunga dude:
kamba wa mtoni wa manyoya ya kahawia,
macho ya risasi, miguu imetawanyika,
kitu ambacho baba angekitia jikoni pamoja na kuni.
"Litupe nyuma ya jabali. Liache lizame.
Halafu livute kama mwenye deni
aliyemwona mdai sokoni."

Vuta, vuta, nyamaza.
Vuta.
Nyamaza.

Na katika kule kunyamaza ndipo alipokuja.
Haukuwa mguso. Ulikuwa mlango uliobamizwa.

Nami nikafanya nilichofunzwa kwa miaka hamsini:
nikanyanyua ufito, taratibu,
kama anayeivulia jeneza kofia.
Akaenda zake.
Na wa pili. Na wa tatu.

Verna hakucheka. "Mkono, Anselm.
Ufito ubaki chini. Vuta kwa mkono.
Huwezi kumchokoza mtu halafu ukamtaka radhi."

Samaki mkunje angali mbichi, na mimi
nina sitini na mitatu, nimekauka mgongo mzima.
Binti yangu Corliss aliposema anaondoka
nilinyanyua nyusi, taratibu.
Basi.

Wa nne alikuwa pale maji yanapolizunguka jabali
na kutoa povu kama la chai ya maziwa.
Mkono wa kushoto ulivuta hadi nyongani
kabla kichwa hakijaulizwa.
Akaruka!
Aliruka kama mlevi anayetolewa nje ya baa
na kurudi ndani,
rangi ya shaba, milia ubavuni,
jicho jekundu la mtu asiyelala.
Akanizungusha mawe mawili, la tatu likanikwaa,
nikaketi mtoni kama mtoto kwenye beseni,
maji yakijaa ndani ya mabuti yangu ya fahari,
nikapiga kelele neno ambalo zamani
mama alinisugua ulimi kwa sabuni kwa ajili yake.

Inchi kumi na mbili.
Ningeapa ni ndama.

Nikamshika mdomo wa chini, kwa kidole gumba,
kama nilivyoonyeshwa. Meno yake ni msasa.
Akanitapikia kiganjani gando la kamba wa kweli,
nikalitazama, nikalitazama lile dude langu,
hata hawafanani.
Nikafungua vidole.

Usiku, chumba cha kupanga, soksi juu ya feni.
Gumba linawaka kwenye kila tarakimu
ya namba ya Corliss.
Inaita.
Sina sentensi hata moja niliyoiandaa.
Inaita,
na Verna anagonga dirisha kwa funguo:
kesho saa kumi na moja alfajiri,
na hayo mabuti niyaache.