Kompyuta ya Mama Haionekani

Nyumba yetu ya Mabatini imejengwa kulizunguka jiwe.
Fundi alishindwa kulipasua, akaliachia kona ya ukumbi,
nasi tukalizoea kama mgeni asiyeaga:
tunalianikia taulo, tunaliegemea joto likizidi.
Upande huu niko mimi na laptopu yangu.
Upande ule yuko mama na kompyuta ya mezani,
nzee, inayovuma kama kinu cha mashine,
yenye hesabu za dagaa tangu alipopata meza Mwaloni.

Jumatano, saa tatu usiku, nahitaji faili moja tu:
mizigo ya Igombe, ya miezi sita. Benki wanaitaka asubuhi.
Nafungua mtandao wa nyumbani.
Naiona printa.
Naiona televisheni ya mpangaji wetu, Lufunga,
imejianika jina zima bila haya.
Ya mama haipo.

Nikalilaumu jiwe. Ni rahisi kulilaumu jiwe.
Nikavuta waya wa buluu kutoka kwenye ruta,
nikaupitisha nyuma ya kabati, juu ya kizingiti,
chini ya mkeka ambao mama ataniuliza kwa nini umevimba.
Taa za kijani zikaanza kukonyezana.
Ya mama haipo.

Nikaiita kwa namba zake.
Mia tisini na mbili, nukta, mia sitini na nane,
nukta moja, nukta kumi na moja,
kama mtu anayetaja ukoo wake wote mlangoni ili afunguliwe.
Nikapiga hodi mara nne.
Muda umekwisha.
Muda umekwisha.
Muda umekwisha.
Muda umekwisha.
Na mwenyewe yupo! Namsikia ng'ambo ya jiwe
akibofya, akikohoa, akijumlisha kwa Kisukuma.

Nikampigia dada Ng'washi, yuko Sengerema.
"Mmezima mkawasha?"
Tanesko wametuzimia na kutuwashia mara mbili tangu magharibi.
"Kundi lenu linaitwaje, kwako na kwake?"
NYUMBANI, kwangu na kwake, herufi kwa herufi.
"Basi nenda ukakae kwenye kiti chake," akasema,
"acha kumtibu mgonjwa kwa simu."

Nikalizunguka jiwe. Hatua tisa.
Mama akanipisha, miwani ikiwa kwenye paji la uso.
Nikachimbua mipangilio mpaka nikaliona neno,
dogo, limekaa kimya: Umma.

"Mama, nani alichagua hapa?"
"Mimi. Iliniuliza, mtandao huu ni wa umma au wa binafsi?
Nikafikiri. Lufunga na wanawe wanautumia.
Kabula wa jirani anafanyia kazi za chuo pale ngazini.
Kuna kijana wa bodaboda, hata jina simjui,
husimama chini ya dirisha ujumbe wake uende.
Ningesemaje wa binafsi?
Ningekuwa nimeidanganya mashine."

Nikakosa pa kuanzia.
Nimwambieje kwamba kwa sheria ya kitu hiki
umma maana yake vuta pazia, bana pumzi,
ukisikia hodi usiitike;
na binafsi ndiyo karibu, kiti hiki hapa, chungulia kabatini?
Nilijaribu. Akanisikiliza mpaka mwisho.
"Aliyeiandika," akasema, "hajawahi kuwa na wapangaji."

Nikabadilisha. Hatua tisa kurudi.
Na hapo ikajitokeza, kati ya printa na televisheni,
imetulia kana kwamba ilikuwepo siku zote.
Nikachukua mizigo ya Igombe.
Ningeishia hapo. Lakini chini yake kulikuwa na faili jingine,
MADENI_USIFUTE,
na mkono ni mkono.

Mstari wa thelathini na saba:
Masalu (mwanangu). Ruta, na waya wa buluu mita ishirini.
Elfu themanini na tano. Alisema mwisho wa mwezi.
Mwezi hakuutaja.

Nikaweka kishale juu ya jina langu, nikabofya futa.
Huna ruhusa, ikasema. Soma tu.
Ng'ambo ya jiwe mama akakohoa,
akaendelea kujumlisha.