Kadi ya Bilauri

"Babake naye alichelewa kusema," asema mavyaa wangu Natela,
akibanja jozi jikoni, mvua ya Kutaisi ikipiga bati.
"Mwache. Maneno yatakuja yenyewe."

Nilitaka kumwamini. Nani hataki?
Lakini Zaza ana miaka miwili na miezi mitatu,
anapanga vizibo vya chupa toka mlangoni hadi dirishani,
chekundu, cheupe, chekundu,
na nikimwita jina, kichwa hakigeuki.
Paka akipita nje, anamsikia.

Ngoja ngoja ilikuwa imeshaniumiza tumbo.
Daktari akaandika: usonji.
Nikalikunja neno mara nne,
nikalitia mfukoni pamoja na tiketi ya basi.

Sasa kila Jumanne, ghorofa ya tatu, lifti mbovu.
Bi Lamara hakai kitini. Analala kifudifudi sakafuni,
naye anapanga: chekundu, cheupe,
kisha anaficha kimoja kiganjani.
Anangoja.
Wiki tano alingoja, hakumwita, hakumshika kidevu.
Ya sita, Zaza akamfunua vidole, kimoja kimoja,
akachukua kizibo chake,
na kabla ya kukirudisha mstarini
akamtazama usoni. Kufumba na kufumbua.

Jana usiku aliniletea kadi yenye picha ya bilauri.
Hakusema kitu.
Nikajaza maji, nusu nikayamwaga kwa kutetemeka.

Natela akaziacha jozi zake.
Akauliza polepole, kama mtu anayekopa:
"Hizo kadi...
kuna ya bibi?"