Arobaini na Wawili

Ubao wa kuingilia Orrin unasema: WAKAAJI 42.
Tuko arobaini na mmoja.
Mpita njia hahesabu.
Sisi twahesabu kila asubuhi, kwa moshi wa madohani.

Mji huu haukuzaliwa, uliandikwa.
Karani wa reli, mbali huko, kando ya jiko lenye moto,
aliigawa nyika kwa alfabeti:
Nokes, maili nane, Orrin, maili nane, Pella.
Hakuwahi kushuka garimoshi aione O yake,
duara la nyasi na upepo.

Patupu, aliandika.
Lakini shehena ya kwanza kutoka stesheni yetu
haikuwa ngano.
Ilikuwa mifupa ya nyati, mabehewa kumi na moja, meupe,
na walioipakia ni akina Desjarlais,
ambao bibi zao waliwajua nyati hao
wakiwa bado na nyama na ngurumo.
Walilipwa kwa tani.
Ukurasa huo haumo katika kitabu chetu cha miaka mia.
Eulalie Desjarlais aliuleta mwenyewe, umekunjwa mara nne.
Kamati ikasema nafasi imekwisha.
Mimi nilikuwa katibu. Niliandika: nafasi imekwisha.

Penye miti hapana wajenzi, husema wahenga.
Hapa wajenzi walikuja, miti ikakosekana.
Wakaikata ardhi yenyewe, matofali ya nyasi na mizizi,
wakaishi ndani ya shamba kama fuko.
Mvua ya Juni ikinyesha siku moja nje,
ndani ilidondoka siku tatu.
Oleksa Hrynchuk alifunga ndoa chini ya mwavuli,
sebuleni.

Kisha simu.
Kampuni ilikataa kuja, basi wakatumia seng'enge ya malisho;
waya uleule uliozuia ng'ombe
ukapitisha uchungu wa uzazi, bei ya mayai,
na mapenzi ya Ragnhild Tveit na mwalimu mwenye mke.
Kuta zina masikio, sawa.
Ua wetu ulikuwa na mdomo.
Kengele mbili ndefu na moja fupi: kwa Hrynchuk.
Moja isiyokoma: moto.
Usiku ghala la nafaka lilipowaka, walikuja hata watu wa Pella,
ambao wazee wetu walikuwa hawasalimiani nao
tangu ile mechi ya mawe juu ya barafu,
jiwe la mwisho, ufagio uliovunjika, na refa mlevi.
Walileta ndoo. Salamu hawakuleta.

Sasa reli imeng'olewa.
Shuleni hulala trekta.
Mkahawa wa Mah Gim, aliyewakopesha wakulima supu
miaka saba ya vumbi bila daftari la madeni,
umepigiliwa mbao madirishani.
Ila Oktoba, Jumapili ya pili, ukumbi hufurika:
bata mzinga kumi na wanane, kabichi za kuviringisha,
malenge, kelele,
na waliohama wakirudi na watoto
wanaoshangaa kwa nini baba zao
hugusa ukuta kabla ya kuketi.

Brashi ya ubao iko kwa Dagny Tveit.
Machi, akina Bautista wa kituo cha mafuta walipopata mtoto,
alipanda ngazi akaandika 42.
Aprili tukamzika Anton wake.
Ardhi bado jiwe. Tulichimba kwa zamu.
Mei ikapita, Juni, Julai,
hakuna aliyemkumbusha.

Jana nilimkuta chini ya ubao na kopo la rangi.
Nikasimamisha gari, nikamshikia ngazi.
Alipaka fremu. Akapaka nguzo zote mbili,
taratibu, hata upande usioonekana barabarani.
Namba hakuigusa.
Akafunga kopo, akajifuta mikono kwenye koti la Anton.
"Ile karatasi ya Eulalie," akasema, "bado unayo?"
Nikasema ninayo.
"Basi ilete Oktoba.
Utaisoma kabla ya bata mzinga,
watu wakiwa bado na njaa."