Kiatu cha Pili

Saa kumi kasoro robo. Umeme umekatika tangu isha.
Mimi, Skolastika, mchoma mikate wa Mtemani, hapa Wete,
nimekaa ukingoni mwa kitanda, nimeshika kiatu kimoja.
Cha pili kiko mvunguni.
Mkono hautaki kuingia mvunguni.

Nimezaa watatu. Nimezika mume.
Nimevuka Mkondo wa Pemba usiku, meli ikilalia ubavu,
huku nikiwashikia wengine mifuko ya kutapikia.
Mvungu wa kitanda changu mwenyewe ndio unaonishinda.

Mwaka ule wa Popobawa mtaa mzima tulilala barazani,
moto unawaka, watoto tumewazingira.
Niliogopa, ndiyo, lakini woga wa watu wengi hata mzaha umo:
huyu anakoroma, yule kajamba, mnacheka.
Woga wa mtu mmoja haucheki.
Unakaa nawe, unakutazama, unajua jina lako.

Nje, komba analia mikarafuuni kama mtoto aliyesahauliwa.
Popo wanagombania kungu, moja linaanguka juu ya bati, ta!
Najua ni kungu. Mti huo nimeujua miaka ishirini.
Moyo haujui.

Jumapili katekista Gaudensi alisema: mwenye imani haogopi.
Nikaitika amina pamoja na wengine,
nikarudi nyumbani na aibu yangu ndani ya kanga.
Wiki nzima nimeificha kama deni.

Lakini usiku huu naikumbuka ile bustani.
Yeye mwenyewe, gizani, kapiga magoti kwenye mizeituni,
jasho linamdondoka,
rafiki zake wamelala hatua chache tu,
anawaamsha, wanalala tena.
Gaudensi, hilo tuliite nini?
Halafu akasimama, akajifuta uso,
akaenda kule kule mienge inakotokea.

Basi nikaacha kutafuta sala nzuri.
Ikaja hii, ya mchoma mikate:

   Bwana ulotoka jasho
   usiku wenye vitisho,
   nifikishe hadi kesho,
   nipe na kiatu changu.

Mkono ukaingia.
Vumbi. Kopo la vifungo. Utando wa buibui.
Kisha mpira, baridi, wala si kiatu changu:
kandambili ya Leodgar, ya kushoto,
ile tuliyoitafuta siku ya kugawa nguo zake
tukasema labda panya.
Nikaishika. Nikalia kidogo,
si sana, hamira haimngoji mtu.

Kiatu changu sikukipata.
Nikatoka hivyo hivyo, mguu mmoja wangu, mguu mmoja wake,
ta-chwa, ta-chwa, hadi uani.
Woga haukubaki ndani. Ulinifuata.
Nikaupa tochi uishike.

Nilipovuta mlango wa jiko bawaba zikapiga ukelele,
na ng'ambo ya ua wa makuti, sauti ya Bi Raya:
"Skola, ushatoka?"
"Nimetoka."
"Alhamdulillahi. Miye huusikiliza mlango wako ulie
ndipo nende kutia udhu. Peke yangu siwezi, naogopa."
"Tangu lini, Bi Raya?"
Akakaa kimya kidogo.
"Tangu Leodgar."

Nikasimama na kuni mkononi.
Nikaisikia ndoo yake, maji yakimiminika,
mtu mwingine akiianza siku yake gizani
kwa sababu mlango wangu umelia.

Nikawasha moto.
Bawaba zile, nikawaza, nilikusudia kuzitia mafuta.
Sitazitia.