Zima Kwanza

Usiku wa kwanza nilifika Bidiya na taa kali,
zile mbili za Hailaksi ya bosi,
zimetoka kama macho ya mtu aliyetukanwa.
Nilidhani naleta salamu.
Nikaona vivuli saba vinajifunika nyuso,
kimoja kikakaa chini mchangani
kama kilichopigwa kibao.

Hakuna aliyepiga kelele.
Mwanamke akaja, buibui limeshika mchanga hadi magotini,
akagonga kioo kwa kidole kimoja:
"Karibu. Zima kwanza,
ndipo tutakapokuona."

Baadaye nilijua
jicho huchukua nusu saa kulizoea giza,
na mwanga wa mgeni mmoja huifuta nusu saa hiyo
kwa kila aliyepo.
Watu saba. Saa tatu na nusu nilizila
kabla sijavua viatu.

Shinuna, muuguzi wa Ibra, ndiye aliyeifunga tochi yangu
kwa karatasi nyekundu ya peremende
na mpira wa nywele.
"Nyekundu haiumizi. Na imulike miguuni.
Uso wa mtu si wako mpaka akupe."

Mengine sikufundishwa, niliyaokota.
Kwamba darubini ya mtu huishiki:
unauliza, unainama, mikono nyuma,
kama mtoto aliyeingizwa chumba cha vikombe vya wageni.
Kwamba ukitoka unasema ulichoona,
si ulichotarajia.
Ratheesh, fundi viyoyozi, alikuja na kidarubini cha plastiki
cha soko la Ruwi,
akatuonyesha Zuhali: kipunje, na pete nyembamba kama ukucha.
Thuwaini, ambaye darubini yake ni bei ya gari,
alipanga foleni nyuma yangu,
akatazama, akatazama,
akasema, "Mashaallah, umeipata,"
akarudi kwake bila kuitaja yake.

Nami nilipopaza sauti, "Mirihi ile! Nyekundu!"
Muhanna alikohoa tu.
Ilikuwa taa ya mnara wa simu, njia ya Sur.
Alingoja tubaki wawili kwenye birika,
akanimiminia kahawa, akasema chini chini,
"Ile yako itazame kesho. Utaikuta palepale.
Sayari hutembea."
Basi. Hakulirudia, wala hakumpa mwingine alibebe.

Mwaka ukapita. Nikawa mwenyeji,
na uwenyeji una ulevi wake.
Januari, baridi inang'ata masikio,
Kilimia kimesimama utosini,
gari likapanda tuta na taa zote mbili.
Nikaisahau Hailaksi.
"Zima, we! Kipofu? Nani kakuleta?"

Jangwani sauti haina ukuta wa kuizuia.
Ilikwenda.
Gari likasimama. Likafikiri.
Mlango haukufunguliwa.
Kisha likageuza, polepole, bila honi,
bila kurusha mchanga,
na taa za nyuma zikatuelekea:
nyekundu, rangi ileile tunayoiruhusu,
zikishuka, zikipungua,
hadi zikawa ndogo kuliko nyota yoyote niliyoijua jina.

Hakuna aliyenigombeza. Hiyo nayo ni adabu,
na iliniuma kupita tusi.
Ratheesh peke yake alisema,
"Taa ya ndani ilikuwa inawaka. Alikuwa na darubini.
Kitini pa abiria. Kaifunga mkanda."

Siku hizi, usiku usio na mwezi, natangulia.
Nasimama pale lami inapoishia,
nyuma ya kituo cha mafuta kilichofungwa,
tochi imevaa karatasi yake ya peremende,
naimulika miguu yangu mwenyewe
ili ajaye aone kwanza kwamba hapa yupo mtu.
Zuhali naikosa. Juzi kimondo kilipita,
nikakisikia kwa wenzangu tu, walivyoguta.

"Karibu," najizoeza, sauti ya chini,
kwa yule hasa, kama atarudi,
na kama si yeye, yeyote.
"Karibu. Zima kwanza."
Leo yamepita malori mawili
na ngamia mmoja, asiye na taa,
aliyenitazama kama anayenijua.