Tiki Moja

Seva iko Mwanjelwa, ghorofani, juu ya duka la mbolea:
chumba kimoja, feni moja, na mimi.
Humo ndimo limo daftari mama,
kila gunia la viazi, kila mkulima, kila deni.

Lakini Isyonje kuna ukungu,
na mtandao nao hupotea humo kama mbuzi,
basi kila karani nimempa nakala akae nayo,
asinipigie hodi kwa kila debe.

Tumpe wa Uyole haandiki kabla ya kuuliza.
"Mstari wa Mwakalinga, niuguse?"
Nami nawageukia wote wenye nakala yake:
ufuteni, unabadilika.
Nawangoja wajibu, naye ananingoja mimi,
na nje lori linanguruma, linakunywa dizeli ya bure.
Akishaandika, basi. Sijawahi kumrudishia kazi.

Gwamaka wa Kiwira hana moyo huo.
Anaiamini nakala yake
kama mtu anavyokijua kitanda chake gizani.
Anaandika, anajumlisha, anagonga muhuri,
jioni ndipo ananiletea nilinganishe.
Mara nyingi nasema hewala.
Mara nyingine nasema: rudia,
mstari wa tatu ulishapitwa tangu saa nne asubuhi,
na mchana wake mzima unamwagika sakafuni.

Mwenyekiti anataka jibu moja: nani bora?
Nimehesabu msimu mzima kwa kalamu nyekundu.
Kila mmoja akishika wakulima wake,
Gwamaka anafunga ofisi jua lingali juu.
Wote wakigombea gunia lilelile,
Tumpe, polepole, ndiye anayefika.
Mwenyekiti akasema hilo si jibu.

Halafu ikaja Jumatano ya mbegu.
Ghalani limebaki gunia moja.
Saa nne, Uyole, Tumpe ameomba, amepewa, ameuza.
Saa nane, Kiwira, kwenye kioo cha Gwamaka
gunia bado limesimama.
Mama Subilaga akafungua fundo la kanga,
akalipa, akapewa risiti yenye muhuri.

Jioni nikaikataa.
Nilipanda gari kesho yake, nikamweleza mwenyewe,
maana risiti ile ilikuwa kosa la wote wawili, langu na la Gwamaka.
Alizihesabu pesa zake, akazifunga tena,
akasema *ndaga*, kana kwamba nimempa kitu.
Kisha akauliza:
"Sasa lile nililoliona mimi, lilikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na njia ya tatu.
Siku hizi naweka orodha ya nani ameshika nini;
kitu kikibadilika, simsubiri mtu aniulize,
namtumia neno palepale: tupa ulichonacho.

Leo saa nne kasorobo nimemwandikia Gwamaka:
mstari wa tisa, usiuamini.
Sasa ni saa sita.
Tiki moja.
Dirishani, upande wa Isyonje, hakuna mlima.